Siku Mwenyekiti wa Bodi Alipoingia Mtoni

Mmekuwa mkiniuliza kwenye kundi letu la simu, nyinyi mnaoongoza vyama vya mazingira siku hizi, mnunue kifaa gani cha kupimia mto. Wengine mnanitumia picha za vijisanduku vyenye namba zinazowaka. Ni vizuri. Mimi nawaambia nunueni beseni. Liwe jeupe, pana, lisilochorwa maua ndani, kwa sababu mdudu wa mtoni akitulia juu ya ua la beseni mtabishana mchana kutwa kama ni mdudu au ni ua. Hilo lilinipata. Kufikia nilipogundua, wasichana watatu wa kidato cha kwanza walikuwa wameshaliandika ua kwenye daftari na kulihesabia miguu. Lilikuwa na kumi na moja.

Nilikuwa msaidizi wa maabara kwa miaka ishirini na minane katika shule moja ya mseto, ukishapita Shirere kuteremka. Ualimu sikuusomea, ingawa wanafunzi waliniita Madam Lihavi. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa, kufungia asidi kabatini na kukamata vyura. Kazi ya mtoni niliirithi kutoka kwa Mwalimu Imbuhila wa bayolojia, mtu aliyejua kila kiumbe cha majini kwa jina la Kilatini na la Kiluhya, na ambaye hakuwahi kutia hata kidole cha mguu ndani ya maji. Aliogopa miruba. Alisimama ukingoni na mwavuli wake akatuelekeza kama askari wa barabarani, na siku moja mruba ulipodondoka kutoka kwenye jani ukamwingia kolani, alikimbia hadi ofisini kwa mwalimu mkuu na kuomba uhamisho kwa maandishi. Alikataliwa.

Lakini alinifundisha vizuri. Weka wavu chini, maji yanakoelekea, wewe simama upande wa juu, yanakotoka, kisha uyapige mawe mateke kama mtu aliyenyimwa chakula. Hesabu hadi mia moja na ishirini. Mimina ulichopata kwenye beseni lenye maji masafi, halafu nyamaza. Hapo ndipo wengi wenu mnakosea. Mnaanza kutafuta mdudu. Usitafute mdudu, tafuta kinachosogea. Na anzeni kazi kila mara kutoka chini ya mto mkipanda juu, msije mkachafua maji mnayoyaendea.

Kwa nini wadudu? Kwa sababu kifaa chako kinakwambia maji yalivyo saa hii. Mdudu ameishi humo miezi mingi, amekula humo, amelala humo. Wako wale wanaojijengea nyumba ya mchanga na kutembea nayo kama konokono. Hao hawavumilii uchafu hata kidogo. Na iko minyoo myekundu, myembamba kama uzi, inayofurahia tope linalonuka. Ukijua ni nani anaishi wapi, umeujua mto.

Sasa niwaeleze ya Mzee Shimuli, mpishi wetu, maana ndiyo yaliyonifanya niamini kazi hii kuliko mitihani yote niliyoisimamia.

Mwaka mmoja, si zamani sana, baada ya mvua kubwa, wanafunzi walianza kuhara. Kwanza bweni moja, kisha yote. Foleni ya chooni ikawa ndefu kuliko ya chakula. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka, na haraka yake ilimwangukia Mzee Shimuli. Alisema githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, haiivi. Mzee Shimuli alikuwa amepika hapo tangu mimi sijaajiriwa, na kwa mtu kama yeye kuambiwa maharagwe yake hayaivi ni kama mchungaji kuambiwa hajui kuomba. Kesho yake, saa ya gwaride, alitoka jikoni na sahani iliyojaa, akasimama mbele ya shule nzima kando ya bendera, akaila yote polepole, akafuta mdomo, akarudi jikoni. Akafanya hivyo siku nne. Siku ya tano wanafunzi wakaanza kumpigia makofi, na mwalimu mkuu akaona anachezewa. Akamwandikia barua kwamba bodi ya shule itakutana Ijumaa kuamua kama ataendelea na kazi.

Faith Khasandi ndiye aliyenijia maabara. Alikuwa kidato cha pili, katibu wa chama cha mazingira, binti wa mkulima wa mahindi kule Likuyani, msichana aliyeuliza maswali bila kupepesa macho. Aliniambia Mzee hahari, na anakula sahani nzima. Githeri inachemka kwa saa tatu nzima. Kitu ambacho wanafunzi wanatumia bila kuchemsha ni maji ya bomba.

Maji ya bomba yalitoka kwenye tangi, na tangi lilijazwa na pampu iliyovuta kutoka kwenye kijito nyuma ya shule. Dawa ya kutibu maji ilitiwa mtu akikumbuka. Basi Alhamisi tukateremka na wanachama wote wa chama. Tulipima mahali pawili: karibu na pampu, kisha juu zaidi, kupita boma la Senje Rodah. Huyo Rodah alikuwa mjane aliyepika busaa, pombe ya kienyeji, ya harusi na matanga, na ya siku za kawaida pia, na ingawa senje ni dada ya baba, yeye alikuwa senje wa kila mtu, hata wa chifu aliyetakiwa kumkamata.

Juu tulipata raha tupu. Wadudu wa nyumba za mchanga, kaa wadogo, na mtoto mmoja wa kereng'ende, mnene kama punje ya mahindi. Karibu na pampu tulipata minyoo myekundu peke yake. Faith alikaribia kulia kwa furaha. Tukatia wa juu kwenye mtungi mmoja wa kioo na wa chini kwenye mwingine, tukaandika vibandiko kwa penseli, nikafungia kabatini.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo Mwalimu Imbuhila angenizaba kwa mwavuli. Nisikilizeni vizuri. Mtoto wa kereng'ende hawekwi na wenzake. Ana taya linalochomoka kama mkono, naye hashibi.

Ijumaa bodi ilikaa kwenye maktaba, watu saba, chai na mandazi mezani. Mwenyekiti alikuwa Mchungaji Amuhaya, mzee mrefu mwenye sauti ya taratibu. Mzee Shimuli alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi karibu na mlango, aproni imekunjwa magotini. Nikaweka mitungi miwili mezani na kutangaza kwamba huu wa chini hauna uhai ila minyoo, na huu wa juu umejaa wadudu wa maji safi. Wote wakainama. Ndani ya mtungi wa juu kulikuwa na mtoto wa kereng'ende peke yake, amenenepa maradufu, anatuangalia. Pembeni yake vilielea vipande vya miguu.

Mwalimu mkuu aliuliza kwa upole kama hao wadudu wengi ni huyu mmoja. Mjumbe mmoja akasema basi mitungi yote miwili imekufa, na kama juu na chini ni sawa, kosa liko jikoni. Mzee Shimuli akaanza kuikunja upya aproni yake taratibu, kama mtu anayejiandaa kuikabidhi.

Faith hakuwa ameruhusiwa kusema. Alisimama tu.

"Mwenyekiti, huyo amekula mashahidi wetu," alisema. "Hilo ni kosa letu, si la mto. Twendeni wenyewe mkashike wengine."

Sijui kama ni kwa sababu ya neno mashahidi, au ni kwa sababu mandazi yalikuwa yameisha, lakini Mchungaji Amuhaya alimtazama yule msichana, akamtazama Mzee Shimuli, akasema mtu hafukuzwi kazi kwa mtungi. Akaanza kufungua kamba za viatu.

Ndivyo bodi nzima ya shule ilivyoteremka kijitoni siku ya soko, mchana kweupe, suruali za suti zimekunjwa magotini, mama mweka hazina amefunga leso kiunoni, na Mzee Shimuli nyuma amebeba mabeseni mawili kichwani.

Mimi nilitaka waanze chini kama kanuni inavyosema. Hawakunisikiliza. Mwalimu mkuu aliingia juu, akaambiwa apige mawe mateke, akayapiga kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona ofisini. Alipomimina wavu na kuona nyumba ya kwanza ya mchanga ikitembea, alipiga kelele kidogo. Baada ya hapo hakutoka tena majini. Yeye na mama mweka hazina walianza kushindana. Yeye alikuwa na nyumba saba, mama ana nne na kaa mmoja, wakabishana kaa mmoja ni sawa na nyumba ngapi, wakaniita niamue. Nilikuwa nimefundisha kazi ile miaka mingi, na sikuwahi kupata wanafunzi wenye bidii kama wale watu wazima waliokuja kumfukuza mtu.

Chini, karibu na pampu, Mzee Shimuli ndiye aliyekuwa kwenye beseni. Hapo nilijifunza kitu. Mtu aliyechambua maharagwe gunia baada ya gunia kwa zaidi ya miaka ishirini ana jicho ambalo sisi wa maabara hatuna. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Alitoa jani, akatoa kijiti, akatoa changarawe, na kilichobaki kilikuwa chekundu na kilijinyonganyonga. Alimwonyesha mwenyekiti na kumwambia kwamba kama lingekuwa gunia la maharagwe angelirudisha kwa mwenyewe.

Mchungaji Amuhaya aliona, lakini alitaka kuhakikisha kwa mkono wake. Aliuchukua wavu, akaingia. Hatua ya kwanza maji yalikuwa kwenye vifundo. Ya pili, magotini. Ya tatu alikanyaga shimo lililochimbwa kwa ajili ya bomba la pampu, akazama hadi kiunoni, na Faith na mwenzake wakaruka ndani wakamshika huyu kwapa hili, yule kwapa lile.

Sasa jiwekeni katika nafasi ya mtu anayepita njia ya juu akielekea sokoni. Unaona mchungaji unayemjua amesimama hadi kiunoni ndani ya mto. Vijana wenye sare wamemshika pande mbili. Mkono wake mmoja uko juu, kwa kuwa alikuwa anauokoa wavu. Ukingoni kuna watu wenye suti, miguu mitupu. Ungefikiria nini? Mama mmoja aliyekuwa na kuku kwapani alisimama akaanza wimbo. Wa pili akauitikia. Kabla hatujajua la kufanya, walikuwa kama thelathini wameteremka ukingoni wakipiga makofi, na wanafunzi wetu wengine, badala ya kusaidia, wakaingiza sauti ya tatu.

Mchungaji alijaribu kueleza. Lakini mtu akiwa ndani ya maji na watu wanaimba, kila anachosema kinaonekana ni maombi.

Ndipo akatokea Zablon. Zablon alikuwa fundi wa baiskeli, mteja wa kila siku wa Senje Rodah, na alikuwa anatoka huko. Aliteremka moja kwa moja, akaingia majini na shati lake, akasimama mbele ya Mchungaji, akavua kofia.

"Zablon," Mchungaji alimwambia kwa sauti ya chini, "huu si ubatizo. Hii ni sayansi."

"Mimi nakubali yote," Zablon akasema, akafumba macho, akajitupa nyuma.

Mchungaji angefanya nini? Alimdaka. Zablon akatoka akikohoa maji, watu wakashangilia, na Mchungaji akamwekea mkono kichwani na kusema maneno machache kwa sababu, alinieleza baadaye, hakuweza kumwacha mtu amesimama vile bila chochote.

Mimi nilikuwa nafikiria namna ya kuwatoa wote mle ndani nilipomwona Senje Rodah mwenyewe akiteremka, mwiko wa busaa bado mkononi. Watu wakampisha. Nilidhani amekuja kugombana. Alikuwa na machozi.

Alimwambia Mchungaji kwamba kama Zablon ameweza, na yeye aachwe aseme yake kabla hajaogopa.

"Machicha namwaganga hapa, Mchungaji. Kila nikichuja. Na choo changu kilianguka na ile mvua. Watu wangu wakibanwa wanashukanga hapo tu." Akanyoosha mwiko kuelekea migomba iliyokuwa ukingoni, hatua kama kumi juu ya pale mwenyekiti wa bodi alipokuwa amesimama.

Wimbo ulikatika. Mchungaji Amuhaya aliitazama migomba. Akayatazama maji yanavyotoka huko yakimjia, taratibu, yakimzunguka kiunoni. Zablon naye, ambaye alikuwa ameyameza maji hayo kiasi, aliacha kutabasamu. Nilisikia kitu kimoja: penseli ya Faith, ambaye alikuwa ameshatoka majini na sasa anaandika.

"Tangu lini, Rodah?" Mchungaji aliuliza.

"Tangu ile mvua."

"Wanafunzi walianza kuhara lini?" aliniuliza mimi.

Nikamwambia, baada ya ile mvua.

Akasema, "Naomba mnitoe."

Kikao kilimalizikia pale pale ukingoni. Mwalimu mkuu alikuja mbio kutoka juu na beseni lake kutangaza kwamba amefika nyumba kumi na mbili, akakuta watu wamenyamaza, akaelezwa. Kisha akamwendea Mzee Shimuli na, kwa vile hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa maneno, akamwuliza leo kuna nini jikoni. Mzee akajibu githeri. Mwalimu mkuu akasema atakula huko huko, aandaliwe sahani kubwa. Mzee Shimuli akajifunga aproni yake, na mama mweka hazina akamsaidia fundo.

Msidhani mambo yalikwisha vizuri mara moja. Pampu ilizimwa, tukachota maji ya chemichemi kwa ndoo na kuyachemsha wiki nyingi, na wanafunzi walitulaumu sisi, si mto. Kanisani kwa Mchungaji kukazuka mjadala mkali, kwa sababu alisimama akaomba wanaume waende kumchimbia mpika busaa choo. Wazee wawili walihama kanisa. Waliobaki walichimba, Zablon akiwa wa kwanza shimoni kila asubuhi, na Senje aliwapikia obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, hadi wakaanza kuchimba polepole makusudi. Machicha tulimshauri ampe jirani yake mfugaji wa nguruwe. Hatukuwa tumefikiria kwamba machicha ya busaa bado yana busaa. Nguruwe wanne walilala usingizi mchana kutwa, wa tano akaingia barabarani akamzuia chifu kupita. Ikabidi Faith na wenzake wafanye jaribio la kuyaanika kwanza, na hilo ndilo walilopeleka kwenye kongamano la sayansi. Waamuzi walicheka, lakini waliwapa nafasi ya pili.

Senje hakuacha kupika. Nawaambia ukweli, maana mnapenda hadithi zinazoisha na watu wameokoka. Alichoacha ni kumwaga. Na jambo ambalo sikulitegemea, alianza kuja mtoni kila tulipopima. Hakuingia. Alikaa juu ya jiwe na kuuliza maswali, na swali lake la mwisho lilikuwa lile lile: pale kwake kuna nini sasa. Kwa muda mrefu nilimjibu minyoo. Alitikisa kichwa, akapanda kwake. Nilianza kuogopa kumjibu.

Niliagwa shuleni kwa keki na saa ya ukutani. Wiki mbili baada ya hapo Senje akanipigia simu akaniuliza kama mtu aliyestaafu bado anaruhusiwa kupima mto. Nikachukua beseni langu nikaenda. Tulikuwa wawili tu, vikongwe, pale chini ya migomba. Niliinua jiwe moja, nikaligeuza, na chini yake alikuwa amejibandika mdudu mdogo, bapa, wa rangi ya majani makavu, mwenye mikia mitatu kama nywele. Huyo naye hakai kwenye uchafu, na sikuwahi kumwona sehemu ile miaka yote niliyofanya kazi. Nilimtia kwenye beseni nikamsogezea Senje.

Aliniuliza ni nani. Nikamwambia ni mtoto, anaishi majini karibu mwaka mzima akikua, kisha anaota mabawa na kuruka. Akaniuliza akisharuka anaishi miaka mingapi.

"Siku moja," nikamwambia. "Hana hata mdomo wa kulia chakula."

Senje alimwangalia, mikono ameizungushia lile beseni kama mtu anayekinga moto na upepo.

"Na mito yote hii," akasema, "mama yake alikuja kumzalia kwangu."